Naomba ushauri: kujaza upya risasi za .308 kwa gharama ndogo, shabaha za kawaida tu

PolePoleMita100

Habari zenu wakuu. Nina bunduki ya bolti (unaikoki kwa mkono kila risasi), .308 Winchester, na kibali chake kipo. Mashindano simo. Nalenga karatasi mita 100 mara mbili kwa mwezi, kila safari risasi 40 hivi. Kwa mwaka inakaribia risasi elfu moja, zote nanunua zikiwa kamili, na mfuko umeanza kulalamika.

Maganda yangu nimekuwa nikiyaokota. Ninayo 140, ya viwanda vitatu tofauti. Jamaa tunayelenga naye ananiambia nianze kujaza mwenyewe, na ana njia zake za kubana matumizi: nipime baruti kwa kijiko kidogo badala ya kununua mizani, nipunguze baruti chini ya kitabu kwa kuwa mita 100 haidai nguvu, na tena ana kopo la baruti aliyoitoa kwenye risasi za zamani, atanigawia bure. Mimi ni mgeni kabisa. Wapi naweza kubana na wapi nisithubutu?

MzeeWaBolti

Karibu sana kijana. Nianze na lile kopo, maana ndilo linalonitisha. Usilipokee. Baruti mbili zinaweza kufanana rangi na umbo la punje, na moja ikaungua haraka kwa mbali kuliko mwenzake. Hakuna jicho la kuzitofautisha, wala pua. Baruti isiyo kwenye kopo lake la kiwandani, lenye jina lake, kwangu haifiki hata mlangoni. Na mezani linakaa kopo moja tu kwa wakati mmoja. Nikimaliza, linalobaki linarudi kwenye kopo lilelile kabla sijashika kitu kingine.

Kijiko cha jikoni nacho hapana. Vipo vikombe maalumu vya ujazo vinavyouzwa na vifaa hivi, na wapo wanaovitumia vizuri, lakini hata hivyo vinahakikiwa kwa mizani. Kutikisa mkono kidogo tu kunabadilisha namna punje zinavyokaa, na uzito unasogea.

Sasa la kupunguza. Vitabu vya vipimo vinatoa kiwango cha kuanzia na kiwango cha juu. Kukaa kwenye kile cha kuanzia ni sawa kabisa, na kwa mita 100 ndiko ningekushauri uishi. Chini ya hapo ndipo pana mtego. Baruti ya polepole ikiwa kidogo ndani ya ganda kubwa inaweza kuwaka vibaya, leo hivi kesho vile, kichwa cha risasi kikabaki kwenye mtutu au shinikizo likapanda ghafla. Kama unataka risasi laini kweli, zipo baruti ambazo watengenezaji wenyewe wameziruhusu. Hodgdon, watengenezaji wa baruti, kwa mfano, wanasema baruti yao ya H4895 inaweza kushushwa hadi asilimia 60 ya kiwango chao cha juu. Hilo limepimwa na mtengenezaji. La rafiki yako ni la kukisia.

Tena piga hesabu uone kama kukisia kunalipa. Kilo moja ya baruti ni greni 15,432 (greni ndicho kipimo cha uzito tunachotumia kwa baruti). Ukitumia greni 42 kwa risasi unapata 367. Ukiiba greni 4 kwenye kila moja unapata 406. Yaani umehatarisha macho yako kwa risasi 39 kwa kilo nzima.

Pesa iko kwenye ganda. Katika risasi ya kununua, ganda la shaba ni miongoni mwa vitu ghali kuliko vyote, na ndilo pekee linalokurudia mkononi. Kwa ujazo wa wastani, ganda zuri kurudi kazini mara 5 hadi 10 ni jambo la kawaida. Kwa hiyo ubahili wako wote uuelekeze kwenye kutunza maganda.

KipimoKwanza

Nakubaliana na Mzee, niongeze upande wa vifaa. Kaka, huhitaji mashine ya kuzunguka yenyewe. Presi ya mkono ya hatua moja (mashine ya wenzo ya kukaza maganda na kufunga vichwa), hata iliyotumika, inatosha risasi 80 kwa mwezi na itakuzidi umri. Chuma kile hakichakai kirahisi. Nunua iliyotumika kwa presi, kwa kibao cha kupangia maganda, kwa kipima urefu. Kalibu, yaani kile chuma chenye tundu kinachokaza ganda lirudi kwenye kipimo chake, nunua mpya au kutoka kwa mtu unayemjua, kwa sababu kalibu yenye mkwaruzo ndani inachora kila ganda linalopita.

Mizani usibane. Mimi natumia ya mkono wa kusawazisha, haina betri. Za kidijitali ni nzuri, ila ziache zipate joto, ziweke mbali na feni na simu, na uwe na jiwe la uzito unaojulikana la kuhakiki kabla ya kuanza na katikati ya kazi.

Kwa kuwa bunduki ni ya bolti na maganda yote yanapigwa kwenye chemba yako hiyo hiyo (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu), unaweza kukaza shingo tu badala ya kukaza ganda zima. Shaba inachoka polepole zaidi. Baada ya mara kadhaa bolti itaanza kufunga kwa uzito, hapo utakaza ganda zima mara moja kisha uendelee. Ukikaza zima, paka mafuta yake ya kulainisha, hata kama ni ganda moja tu la majaribio. Ganda kavu likinasa kwenye kalibu, utalala nalo.

Kuosha ni maji ya moto, sabuni na asidi ya limau kidogo, suuza, kausha vizuri. Usitumie dawa za kung'arisha zenye amonia. Inaila shaba kwa ndani na ganda linapasuka bila kutoa taarifa.

NgwaraNyembamba

Mimi nina swali kabla hamjamnunulisha mwenzetu vitu. Mkuu, unachopenda ni kulenga, au ni kulenga na .308? Kama ni kulenga, chukua .22 LR, ile risasi ndogo. Haijazwi upya, maana kiwashio chake kiko ndani ya ukingo wa ganda, lakini haina haja ya kujazwa. Ni nafuu kuliko risasi yoyote kubwa utakayoitengeneza mwenyewe. Mita 50 na upepo kidogo vitakufundisha kuvuta kifyatulio kuliko .308 kwenye mita 100. Mimi nalenga robo tatu ya mwaka kwa .22, na ile kubwa naitoa kwa wiki chache.

Halafu jambo hili tunalipita kila mara: angalia sheria ya ulipo. Kuna nchi baruti na praima (kiwashio cha kitako cha ganda) ni sehemu ya kibali, na kuna nchi kujaza nyumbani ni marufuku kabisa. Ulizia kabla hujanunua hata kalibu.

MzeeWaBolti

Ngwara amesema kweli kuhusu .22, nami ninayo. Lakini kijana ana maganda 140 tayari, na kazi ya kujaza ina utamu wake wa jioni ambao risasi ya dukani haina.

RisasiLaini

Vipi kumimina vichwa vya risasi mwenyewe? Ukishakuwa na presi na mizani, kichwa ndicho kinachokula pesa kila safari. Mimi nayeyusha madini ya risasi chakavu (si risasi za bunduki) na kumimina kwenye kalibu ya vichwa, nafunika kitako kwa kikombe kidogo cha shaba, napiga kwa mwendo mdogo kwa kufuata kitabu cha vichwa vya kumimina, si kitabu cha vichwa vya kiwandani. Kwa mita 100 vinapanga vizuri tu.

Ila si kazi ya mwezi wa kwanza. Tone la maji likiingia kwenye sufuria ya madini ya risasi yaliyoyeyuka, madini yote yanaruka usoni. Fanyia nje, vaa miwani na glavu ndefu. Usile wala kunywa hapo, nawa mikono hadi kwenye viwiko, na nguo za kazi zisiingie chumba cha watoto. Hata wewe usiyemimina, vumbi la kusafishia maganda lina madini ya risasi kutoka kwenye praima. Mfuniko wa chombo cha kusafishia ufungulie nje.

TochiMkononi

Nimesoma uzi wote, naomba nieleze kilichonipata, maana kinahusu kubana muda, si pesa.

Nilikuwa na maganda 50 kwenye kibao, namimina baruti ganda moja baada ya jingine. Simu ikaita, nikaenda kuongea, nikarudi na kuendelea pale nilipodhani niliachia. Sikuangalia. Nikafunga vichwa vyote 50.

Uwanjani, risasi ya kumi na kitu ilitoa mlio kama mtu anayekohoa ndani ya blanketi. Bega halikusikia kitu. Mkono ulikuwa tayari unazungusha bolti kuingiza nyingine, na jirani yangu ndiye aliyepiga kelele "simama!" Tukatoa bolti, nikaangalia mtutu kutoka nyuma: giza. Kichwa kilikuwa kimekaa mwanzoni mwa michirizi ya ndani ya mtutu. Kilisukumwa na praima peke yake. Kama ingewezekana ya pili kuingia na kupigwa nyuma ya kile, mtutu usingehimili.

Tangu siku hiyo, kibao kikishajaa nashika tochi na kuangaza kila ganda, safu kwa safu, kabla sijafunga hata kichwa kimoja. Kimo cha baruti kinatakiwa kionekane sawa kila tundu. Moja likiwa tofauti, namwaga na kupima upya. Simu inabaki chumba kingine.

PolePoleMita100

Shikamoo Mzee, na asanteni wote. Kopo nimelikataa, tumeongea vizuri tu, naye amesema hatalitumia. Sheria nimeulizia, kwangu inaruhusiwa kwa kibali nilichonacho. Presi iliyotumika nimeiona, mizani nitanunua mpya. Sasa nisaidieni jambo moja: haya maganda 140 nitajuaje lipi zima?

MzeeWaBolti

Marahaba. Kwanza yatenge kwa kiwanda, maana unene wa ndani unatofautiana na ujazo wake pia. Kisha chungulia ndani kwa tochi. Tundu moja katikati ni praima ya Boxer, hilo linajazwa. Matundu mawili madogo ni Berdan, weka pembeni, litavunja sindano yako ya kutolea praima. Maganda ya chuma yaache.

Pima urefu baada ya kukaza. Ganda la .308 lisizidi milimita 51.18. Likizidi, kata lifike 50.93. Shingo yenye ufa, hata mwembamba kama unywele, tupa.

Halafu tafuta mstari unaong'aa unaozunguka ganda juu kidogo ya kitako. Ukiuona, chukua waya wa kubania karatasi, unyooshe, ukunje ncha kama ndoano fupi, uiingize ndani, ukwaruze ukuta kutoka chini kwenda juu taratibu. Ganda zima litateleza. Lililoanza kukatika ndani, ncha itazama kwenye kijifereji palepale ulipo ule mstari wa nje. Hilo lingeachana vipande viwili kwenye chemba.

PolePoleMita100

Nimemaliza usiku huu, mzee wangu. Berdan 9. Shingo zilizopasuka 3. Waya umezama kwenye 6, na yote 6 ni ya kiwanda kimoja, yale ambayo nilipewa na mtu yakiwa yameshapigwa kwenye bunduki nyingine. La kwanza nilidhani ni uchafu, nikalifuta, nikarudia, waya ukakwama palepale. Nimeyabonda yote kwa koleo ili yasirudi kwenye ndoo. Yamebaki 122. Jumamosi naanza na 10 tu, kiwango cha kuanzia, tochi mkononi.