Madaftari 180 na insha juu yake: mnasahihishaje mkamaliza?

Kalamu_Nyekundu:
Habari zenu walimu. Mwalimu wa lugha mwenye mikondo minne ya wanafunzi 45 ana madaftari 180. Kila daftari likichukua dakika 3, zoezi moja tu linakula saa 9, bado maandalio ya masomo na kutunga majaribio. Naomba utaratibu unaotekelezeka: kipi kisahihishwe chote, kipi kipunguzwe, na alama zibaki za haki? Insha ndizo zinazolemea zaidi.

ChakiNaDasta:
Mwalimu, mzigo huo unaanzia pale unapotunga swali. Maswali 20 yanayopima jambo lilelile hayakuambii zaidi ya maswali 5 yaliyochaguliwa vizuri. Weka mawili mepesi, mawili ya kiwango cha mtihani, na moja ambalo makosa yake unayajua kabla. Mfano wa hesabu: −3 − 5. Anayejibu 2 ametoa 3 kwenye 5; anayejibu 8 ameichukua kanuni ya kuzidisha hasi kwa hasi akaitumia pasipo pake. Ukiona jibu tu unajua cha kumfundisha upya, huhitaji kusoma ukurasa mzima.

Insha usizikusanye mikondo yote kwa pamoja. Mikondo miwili wiki hii, miwili wiki ijayo. Zitakuwa insha 90 kwa wiki, na kwa dakika 4 kila moja ni saa 6.

Halafu wanafunzi walete madaftari yakiwa yamefunguliwa kwenye ukurasa wa kazi, yamepangwa kwa namba za rejista. Kutafuta ukurasa kwa sekunde 20 kunaonekana kitu kidogo, lakini mara 180 ni saa nzima. Ukishayapanga hivyo, asiyeleta naye anajulikana papo hapo.

Mwl. Sarufi:
Nakubaliana na ChakiNaDasta. Kwenye insha, kosa kubwa ni mwalimu kumwandikia mwanafunzi sentensi sahihi. Mwalimu anachoka, mwanafunzi hajifunzi kitu. Pigia mstari, kisha pembeni weka herufi moja: T tahajia, U upatanisho wa kisarufi, A alama za uakifishaji, M mpangilio wa mawazo. Ufunguo wa herufi hizo waubandike nyuma ya jalada la daftari. Kila insha ilenge aina mbili tu za makosa, na uwatangazie kabla hawajaanza kuandika. Ukurasa uliojaa wino mwekundu humkatisha tamaa hasa yule dhaifu, ambaye ndiye anayekuhitaji zaidi.

Tenga dakika 10 za mwanzo wa kipindi kinachofuata wajisahihishe mbele yako. Usipozitenga, herufi zote hizo ni kazi bure. Alama nazo zicheleweshe: ukiandika 11/20 pamoja na maoni, wengi wataangalia 11, watachungulia ya jirani, basi. Andika maoni kwanza. Alama itolewe baada ya masahihisho.

Mwongozo_Kwanza:
Naongeza upande wa haki, kwa majaribio na mitihani. Sahihisha swali kwa swali: swali la 1 kwa wote, ndipo la 2. Ukimaliza karatasi nzima ya mtu mmoja kwa mkupuo, jibu zuri la mwanzo linakufanya umhurumie kwenye mabaya yanayofuata. Karatasi 5 za kwanza zisahihishe kwa penseli, maana hapo ndipo majibu sahihi ambayo mwongozo wako wa kusahihishia haukuyatarajia hujitokeza. Rekebisha mwongozo, endelea, na mwishoni zirudie zile 5, kwa sababu mkono hulegea au hukaza kadiri uchovu unavyoingia. Kosa la hatua ya kwanza liadhibiwe mara moja. Hatua zinazofuata zikiwa sahihi kwa namba aliyoipata, mpe alama zake. Jumlisha mara mbili, ya pili ukianzia ukurasa wa mwisho.

Kalamu_Nyekundu:
Asanteni sana. Je, wabadilishane madaftari wasahihishiane?

Mwl. Sarufi:
Majibu mafupi, ndiyo. Insha, hapana, labda kuhakiki orodha ya mambo mawili matatu kama aya na herufi kubwa. Msahihishaji aandike jina lake chini, nawe pitia kila daftari la tano, yaani 9 kwa mkondo. Ukikuta mawili yamesahihishwa vibaya kwenye swali lilelile, swali hilo lirudie ubaoni. Alama hizo usiziingize kwenye rekodi za muhula.

ChakiNaDasta:
Na mkuu wa idara aelezwe utaratibu huu mwanzoni mwa muhula, kwa maandishi. Anayekagua akikuta kurasa zisizo na wino wako bila maelezo, atahesabu kuwa hukusahihisha. Tarehe na sahihi kwenye kila zoezi ulilolipitia vinatosha.