Tupeane uzoefu: sarafu ndogo zinavyotutoka mikononi, na kwa nini bado tunalipana taslimu huku Nyanda za Juu Kusini

Mleta mada, Mwanjelwa (Mbeya)

Ndugu zangu, salaam. Nina duka la rejareja hapa Mwanjelwa tangu mwaka 2009, na katika muda huo nimeishuhudia sarafu ya shilingi 20, ile yenye tembo na mwanawe, ikitoweka kabisa kwenye droo yangu bila mtu yeyote kuja kuikusanya. Bei ndizo zilizoiacha nyuma, kwa maana haikubaki bidhaa hata moja dukani ambayo ingeweza kununuliwa kwa sarafu hiyo, na mteja aliyerudishiwa alikuwa akiiacha juu ya meza. Sasa naiona sarafu ya shilingi 50 ikishika njia hiyohiyo, na safari hii nina wasiwasi, kwa sababu hamsini bado ina kazi.

Chukueni mfano wa sukari. Nikiuza kilo kwa shilingi 3,000, robo inakuwa shilingi 750. Mteja akileta 800 nami sina hamsini, kwa miaka mingi nilikuwa nampa pipi, naye anaondoka kimya. Siku moja mama mmoja anayenunua robo kila asubuhi kwa ajili ya chai anayoiuza aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba wanawe wamechoka pipi. Nilipokaa kupiga hesabu niliona aibu: hamsini kwa siku thelathini ni shilingi 1,500, yaani nusu kilo ya sukari ambayo nilikuwa naichukua kwake kila mwezi, ilhali yule anayemudu kununua kilo nzima hapotezi chochote.

Sisemi kwamba sarafu ndogo zibaki milele. Kanada iliacha kusambaza sarafu ya senti moja mwezi Februari 2013, lakini iliweka utaratibu ulio wazi: jumla ya malipo ya fedha taslimu inapelekwa kwenye senti tano iliyo karibu, iwe juu au chini, na anayelipa kwa kadi analipa kiasi kilekile kilichoandikwa. Marekani nayo ilitengeneza senti yake ya mwisho kwa matumizi ya kawaida tarehe 12 Novemba 2025, baada ya gharama ya kutengeneza moja kukaribia senti nne. Kwetu hakuna aliyepanga, na kila hesabu isiyokamilika inapanda juu tu. Naomba tupeane uzoefu: kwenu hali ikoje, na ni kwa nini mnalipana taslimu au mmeacha?

Muuza ndizi, Tukuyu

Ahsante kaka kwa mada hii. Mimi nauza ndizi kwa wenye malori wanaokuja kupakia kando ya barabara, na nimeshikilia fedha taslimu kwa sababu moja: mzigo wangu una watu wengi nyuma yake. Kuna aliyekata mikungu, kuna waliobeba kutoka shambani, kuna kijana anayepanga kwenye gari, na wote wanataka malipo yao kabla lori halijaondoka. Noti zikihesabiwa mkononi mwangu, ndani ya dakika kumi kila mtu ameshapata chake.

Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala ya simu, mnunuzi mmoja aliniomba nipokee malipo yote kwa simu. Nilikubali, na nilipokwenda kwa wakala nikakuta kuna makato ya kutoa na juu yake tozo ya serikali, wakati bei ya mkungu tulikuwa tumeshapatana. Nikawalipa watu wangu kwa ukamilifu na pengo likabaki kwangu. Mwezi Septemba mwaka huohuo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, lakini tangu siku ile suala la makato nalizungumza kabla ya mkungu wa kwanza kupakiwa.

Dereva wa bajaji, Uyole

Shikamooni wakubwa. Kwangu mimi chenji ni gharama kama mafuta. Asubuhi abiria wanne wote wanaweza kunipa noti, kwa hiyo kabla sijaanza kazi hupitia kwa kijana anayeuza chenji stendi, natoa shilingi 10,000 napewa sarafu za 9,500. Sarafu ya shilingi 500, ile ya mwaka 2014 yenye nyati, ilitusaidia sana, maana noti ya mia tano ilikuwa inachakaa upesi na abiria walikuwa wanaikataa. Lakini hamsini zinanijia kwa wingi, kwa sababu watu wakikataliwa nazo kwingine wanazileta kwenye nauli, na mimi nikimrudishia abiria hazipokei. Ninazo kopo zima nyumbani.

Mfanyabiashara wa mchele, Tunduma

Sisi wa mpakani tuliona jambo la kinyume. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye kwacha, noti ya 50,000 ikawa 50, na sarafu za ngwee, yaani senti za kwacha, zikarudi sokoni. Kwa miezi sita fedha ya zamani na mpya zilitumika pamoja, na nakiri kwamba wiki za mwanzo nilikuwa naandika kila bei mara mbili kwenye daftari. Kilichonifundisha ni kwamba kitu kilichokuwa 2,500 kikawa 2.50, na wauzaji waliokosa ngwee 50 wakaanza kudai kwacha 3.

Mwalimu mstaafu, Mafinga

Wengine wetu tulikua tukiita senti hamsini thumni na shilingi tano dala, na majina hayo yamezidi umri wa sarafu zenyewe. Ninaunga mkono fedha taslimu, ila nina tahadhari. Benki Kuu ilipotangaza kwamba noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zibadilishwe kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025, shangazi yangu kijijini hakuwa na habari. Niligundua mwezi Machi, nilipomkuta na noti za zamani alizozifunga kwenye kanga ndani ya sanduku. Tulisafiri naye hadi benki, akabadilishiwa zote, lakini tungechelewa wiki chache akiba yake ingekuwa karatasi. Tafadhali, mwenye mzazi anayeweka fedha nyumbani amkague.

Mleta mada, Mwanjelwa

Nawashukuru nyote. Mwalimu, leo jioni nitampigia mama yangu kule Umalila. Jambo nililolifanya baada ya yule mama wa chai kuzungumza nami ni kubandika karatasi ukutani: robo ya sukari ni 750, na siku nikikosa hamsini mteja atalipa 700. Dereva wa Uyole, hilo kopo lako nalihitaji. Mimi nina sarafu za mia mbili na mia tano kila jioni, na tutabadilishana shilingi kwa shilingi.

Dereva wa bajaji, Uyole

Nimekubali, kaka. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa Kabwe, hapahapa Mbeya, na abiria, nikiwashusha nakuja dukani. Nimezihesabu usiku huu, ziko 412.