"Afande" tapeli kwenye simu: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Habari zenu wakuu. Mama yangu mdogo alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa mpelelezi. Akaambiwa mwanawe kagonga mtu kwa gari, yuko mahabusu, na ndugu wa majeruhi wako tayari kuyamaliza kabla jalada halijafunguliwa. Nyuma yake kijana anasikika akilia. Mama akatuma akiba yote. Mwanawe alikuwa darasani, simu kaizima. Imeniuma sana. Waliopigiwa, waliwaambia nini na mlichomokaje?

Mchangiaji 1
Mpe pole mama mdogo. Mimi niliambiwa kuna laini imesajiliwa kwa kitambulisho changu na imetumika kuibia watu. Jina langu kamili analo, tarehe ya kuzaliwa anayo. Hapo ndipo wengi hulegea, lakini taarifa hizo huvuja sehemu nyingi, kuzijua hakumfanyi mtu kuwa askari. Nikamwuliza jina, cheo na kituo chake, nikamwambia nakuja mwenyewe sasa hivi. Akaanza kufoka kwamba nikikata simu nakamatwa. Nikakata. Namba ya kituo nikaitafuta mwenyewe, sikutumia aliyonitajia yeye. Kituoni hawamjui.

Mchangiaji 2
Niongezee hapo: namba inayotokea kwenye kioo nayo inaghushiwa. Ujerumani matapeli hupiga ikasomeka 110, namba ya dharura ya polisi, hadi polisi wamelazimika kuwatangazia watu kwamba wao hawapigi kwa namba hiyo. Na kama ni simu ya mezani, tapeli anaweza kubaki hewani, ukidhani umepiga kituoni kumbe unaongea na mwenzake. Tumia simu nyingine.

Mchangiaji 3
Jirani yangu walimpigia kwa video. Mtu kavaa sare, nyuma kuna bendera na meza ya ofisi. Akaambiwa yuko chini ya ulinzi, asizime kamera wala asimwambie yeyote, ahamishe fedha kwenye "akaunti salama" zikakaguliwe. Kilichomwokoa ni mkewe kuingia chumbani na kuuliza anaongea na nani. India jambo hili lilisambaa hadi Waziri Mkuu Narendra Modi, Oktoba 2024, akawaambia wananchi kwamba hakuna sheria ya kumkamata mtu kwa simu ya video. Kwangu mimi hilo la "usimwambie mtu" ndilo baya kuliko yote, maana linakutenga na wanaoweza kukuzindua.

Mchangiaji 4
Sisi nyumbani tuna neno la siri la kuulizana, mtu akipiga akidai ni mmoja wetu yuko matatani. Sauti ya mtoto siku hizi inaigwa kwa akili mnemba, kilio hakitoshi kuwa ushahidi.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Na aliyekwisha kutuma afanyeje?

Mchangiaji 1
Apige benki au mtandao wake wa simu papo hapo waombwe kuzuia muamala. Kama alitaja nywila, abadilishe. Kama alipakua programu waliyomwelekeza, atoe simu kwenye intaneti kwanza. Meseji asifute, aende nazo polisi. Na mwambie mama mdogo ajihadhari: anaweza kupigiwa tena na "afande" mwingine anayedai pesa zake zimepatikana, alipie ada tu arudishiwe. Mara nyingi ni walewale.