Msaada wa haraka: Mguu wa mzee unaoza, madaktari wanataka kupasua, ndugu wamegoma

Mwana wa Mpunga:
Wakuu, habari za usiku. Niko kwenye korido ya hospitali ya rufaa, mnisamehe mwandiko.

Mzee wangu ana miaka 61 na ana sukari. Jumamosi alijikata na jembe kwenye muundi, kajeraha kadogo kama punje ya mahindi. Jumapili mguu ukavimba, analia kama kavunjika. Duka la dawa wakampa diklofenaki, akatulia kidogo. Jana ngozi ikawa ya zambarau, yakatoka malengelenge, akaanza kuweweseka. Leo daktari anasema ni bakteria wanaotoa sumu inayoua nyama, apasuliwe usiku huu huu.

Baba mdogo na shangazi hawataki. Wanasema amekanyaga tego na kisu kikigusa tu anakufa. Baba mdogo kaniuliza swali nikakosa jibu: kama ni bakteria, na sindano anachomwa, kukata ni kwa nini? Halafu mzee mwenyewe anasema maumivu yamepungua. Tusubiri asubuhi?

Nesi Mstaafu:
Mwanangu, hapo kwenye "maumivu yamepungua" ndipo nimeshtuka. Ngozi inazidi kuwa nyeusi halafu hasikii kitu? Mishipa ya fahamu inakufa, hajapona huyo. Na diklofenaki iliwaficha maumivu na homa mkadhani nafuu. Saini fomu, ndugu utaongea nao baadaye.

Kijana wa Theatre:
Pole sana mkuu. Ngoja nijibu swali la baba mdogo, maana ni swali zuri kuliko anavyojua.

Umewahi kuchuna mbuzi? Ule utando mweupe unaofunika msuli, ndiyo njia ya bakteria hawa. Streptokokasi, mmoja wa wanaofanya kazi hii, hatafuni nyama kwa meno. Anamwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha kinachoshikilia nyama, na sumu inayotoboa seli, hata chembe nyeupe zinazokuja kupigana naye. Zipo sumu zake nyingine zinazochokoza kinga ya mwili mpaka inapagawa, presha inashuka, figo zinagoma. Kwa mtu wa sukari mara nyingi bakteria wako wa aina kadhaa kwa pamoja. Akiwemo klostridia ukibonyeza ngozi unasikia kama inapasukapasuka, ni gesi.

Sasa sindano. Dawa husafiri kwa damu. Katika vurugu hiyo mishipa midogo inaganda na kuziba, kwa hiyo nyama iliyokufa haipati damu, na dawa haifiki. Unamwagilia shamba huku mfereji umeziba. Ndiyo maana wanakata mpaka waone nyama inayotoka damu. Muulize daktari kama klindamaisini imo kwenye dawa zake: penisilini inabomoa ukuta wa bakteria, hii inawazuia kutengeneza sumu. Zinakwenda pamoja.

Mwaka 1924 Frank Meleney, daktari aliyekuwa Beijing, aliandika kuhusu wagonjwa 20 wa ugonjwa huu. Penisilini ilikuwa haijagunduliwa, lakini wengi walipona kwa kisu.

Simba Mzee:
Nyie vijana wa vitabu. Binamu yangu alikatwa Jumatatu, Jumatano wakamkata tena, Ijumaa tukazika. Msimdanganye kijana.

Kijana wa Theatre:
Pole mzee wangu. Sidanganyi: hata kwenye hospitali kubwa, takriban mmoja kati ya wanne au watano hufa. Wasiopasuliwa, karibu wote. Na kurudi theatre mara ya pili ni kawaida, si kwamba wamekosea. Wanakagua kama sumu imeacha nyama nyingine inakufa.

Mhaya wa Ziwani:
Haiwezi kuwa kidonda cha Buruli? Huku tunausikia kutoka Uganda.

Nesi Mstaafu:
Hapana. Buruli huchukua wiki hata miezi, na kidonda hakiumi, maana sumu yake inatia ganzi. Huyu alianza na maumivu makali, na ni siku ya nne tu.

Mwana wa Mpunga:
MREJESHO. Nilimsomea shangazi ile ya mbuzi. Akanyamaza, akasema "basi saini". Baba mdogo katoka nje kavuta sigara, hajarudi.

Wameingia saa 5 usiku, wametoka saa 7. Wamefungua kutoka kifundo mpaka karibu na goti. Daktari kasema chini ya ngozi palikuwa na majimaji ya kijivu kama maji ya kuoshea vyombo, na utando ulikuwa unaachia kwa kidole tu. Mguu haujakatwa. Klindamaisini imo. Wanarudi kuangalia tena kesho kutwa, na sukari imeshuka kutoka 24 mpaka 15.

Wanataka chupa mbili za damu. Nimeshatoa yangu, bado moja. Baba mdogo ndiye tunayefanana naye kundi, natoka kumtafuta.