Hadithi ya fundi wa Shenyang: nimweleze msomaji siasa kwanza?

Mwana_Walukuba:
Hamjambo. Naandika hadithi fupi ya Shenyang, kaskazini-mashariki mwa China, mwaka 1998. Fundi wa kukereza chuma anapewa barua asubuhi, jioni hana kazi. Hamwambii mkewe. Kila siku anavaa ovaroli, anapanda baiskeli, anakwenda kukaa bustanini. Mimi nimekulia Jinja, wazee waliopunguzwa viwandani nawajua hadi wanavyokohoa kabla ya kukopa sukari dukani. Msomaji wa Kampala nimweleze kwanza mageuzi ya uchumi ya 1978 ya Deng Xiaoping, kiongozi wa China, au nimwache aingie tu?

Kota_ya_Reli, Tororo:
Mwache aingie, hotuba tumesikia za kutosha. Ila barua hiyo iondoe, mwanangu. Wengi walirudishwa nyumbani huku jina likibaki kwenye daftari la kiwanda, na posho ndogo kwa muda usiozidi miaka 3. Hapo kwenye kungoja ndipo penye hadithi. Halafu mke asijue vipi? Nyumba ya kiwanda, zahanati ya kiwanda, chekechea ya kiwanda, jirani wa ukutani naye wa kiwanda! Hata joto la majira ya baridi kiwanda ndicho kilicholipia. Ningeanzia kwenye mabomba ya kupasha nyumba joto: Januari, nje nyuzi 20 chini ya sifuri, kiwanda kina deni, mabomba baridi, na mke anauliza, "Kwani huko kwenu wanasemaje?"

Bombo_Juu:
Shenyang ya nini? Viwanda vya Jinja havikufa? Andika ya baba yako.

Mwana_Walukuba:
Kaka Bombo, ya baba ningeandika kwa hasira. Huyu fundi hanidai, nami simdai.
Muzee, bustani siiachi. Lakini mke atakuwa anajua tangu siku ya kwanza, ananyamaza, na chakula cha mchana anamfungia vilevile. Kuponi za nafaka je, zile za mgao wa chakula, nizitie?

Kota_ya_Reli, Tororo:
Zilifutwa 1993. Labda mama mkwe bado anazo kwenye kopo la biskuti, hamwamini mtu. Na hicho chakula usiandike wali kila siku: huko ni mikate ya mvuke na kabichi iliyochachushwa mtungini tangu kabla ya theluji.

Bombo_Juu:
Haya, ukimaliza ilete tusome. Huyo mama mkwe mpe nafasi kubwa.