Kukimbia peku wakati wa masika: lami, mchanga au udongo?

Mkazi wa Mbezi

Habari zenu, ndugu zangu. Nimekuwa nikikimbia peku tangu Desemba, alfajiri, siku nne kwa juma, na kiangazi chote nyayo zangu hazikunisumbua hata nilipofikisha kilomita sita kwenye lami ya mtaani kwetu. Tangu masika yaanze, mambo yamegeuka. Juzi nilikimbia kilomita tatu tu kwenye lami ileile, ikiwa imelowa, nikarudi nyumbani ngozi iliyo chini ya kidole gumba imechubuka hadi damu.

Kabla ya kwenda kazini ninaweza kufika sehemu tatu: lami hiyo, uwanja wa mpira wenye nyasi upande mmoja na udongo mtupu upande mwingine, na ufuko wa bahari. Naomba kuelewa ni ipi inayofaa mvua ikinyesha, ipi inayofaa jua likiwaka, na kwa nini lami isiyobadilika imenijeruhi safari hii.

Mpiga mbio wa Tanga

Pole sana, ndugu. Lami haikubadilika, ila ngozi yako ndiyo iliyobadilika. Sugu uliyoijenga kiangazi ni ngumu ikiwa kavu. Ikilowa kwa dakika ishirini hulainika kama vidole vya mtu aliyefua nguo asubuhi nzima, na hapo kokoto za lami huifanyia kazi ya msasa. Mimi mvua ikinyesha hukimbia nusu ya umbali wangu wa kawaida, tena huchagua lami kuukuu iliyokwisha kulainishwa na magari, wala si ile mpya yenye kokoto zilizochomoza. Michirizi ya rangi kwenye vivuko vya watembea kwa miguu huteleza mno ikilowa, kwa hiyo iruke. Dimbwi usilolijua kina chake lizunguke, kwa sababu mvua husomba misumari na vipande vya chupa na kuviacha hasa palipo na bonde.

Jua nalo lina hesabu yake. Lami nyeusi ya saa nane mchana huweza kuzidi nyuzi 50 za Selsiasi, na wakati unakimbia huenda usihisi mapema kwamba unaungua, kwa maana kila hatua hugusa chini kwa muda mfupi sana. Simama pekupeku mahali pamoja na uhesabu taratibu hadi kumi; ukishindwa kuvumilia, ahirisha. Watu hupenda kumtaja Abebe Bikila, aliyeshinda marathoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu, lakini husahau kwamba mbio zile zilianza alasiri na kumalizika usiku, mawe ya barabara yakiwa yamekwisha kupoa.

Mwanapwani

Kaka, ufuko ndio utakaokufaa zaidi msimu huu, ila ni lazima ufuate saa za maji kujaa na kupwa. Mchanga mkavu wa juu huzama, hulazimisha kano ya kisigino kuvutika kupita kiasi, na vipimo vilivyochapishwa mwaka 1998 vilionyesha kwamba kuukimbilia hutumia takribani mara 1.6 ya nguvu zinazotumika kwenye ardhi ngumu. Unachokitafuta ni ule ukanda ulioachwa na maji muda mfupi uliopita, ambao unyevu umezishikamanisha chembe zake hata mguu unaacha alama isiyozama.

Huku kwetu, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kwa kiwango kikubwa zaidi, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na kupwa mnamo saa nne asubuhi, kwa hiyo ukifika saa kumi na mbili utakuta sehemu kubwa ya ukanda huo bado imefunikwa. Siku nne au tano kabla ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji kupwa kabisa huangukia karibu na mapambazuko, na hapo utapata njia nzuri hata mvua ikinyesha, kwa sababu mvua haiuharibu mchanga uliokwisha kulowa. Zingatia pia mteremko: mguu wa upande wa bahari hukanyaga chini zaidi, hivyo nenda na urudi umbali uleule ili nyonga zisiumie upande mmoja. Baada ya mvua kubwa, kaa mbali na midomo ya mito na mifereji, maana taka zote za mjini hutokea hapo.

Mkimbiaji wa Iten

Mimi niko Iten, nyanda za juu za Kenya, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na udongo wetu mwekundu umenifundisha kwamba saa chache baada ya mvua ndogo ndipo unapokuwa bora kuliko ardhi yoyote niijuayo: vumbi limetulia, uso wake umeshikana, na vijiwe vimezama kidogo. Mvua ikizidi, hugeuka utelezi unaong'ang'ania nyayo, nami huhamia kwenye nyasi. Tatizo ambalo ninyi wa pwani hamlijui ni baridi ya asubuhi za Julai, inayotia ganzi vidole hata mtu akakatwa asijue. Hapo mimi huvaa viatu kwa kilomita mbili za mwanzo, kisha huvishika mkononi.

Muuguzi mstaafu

Wanangu, mmesema vyema kuhusu mvua na jua, lakini udongo una wakazi wake. Viluwiluwi vya minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya mguu, navyo huishi kwenye udongo wenye unyevu na kivuli uliochafuliwa na kinyesi, kwa hiyo ule upande wa uwanja usio na nyasi nisingeukanyaga masika haya ikiwa watu hujisaidia karibu nao. Kiangazi hubadilika: funza hupenda vumbi kavu, hasa pale mifugo inapolala. Osha miguu kwa sabuni kila urudipo, ikaushe hadi katikati ya vidole, uikague kwenye mwanga. Hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asikimbie peku hata kidogo, iwe mvua au jua. Nawe, mwanangu, kidonda hicho kiache kifunge kabla hujakanyaga popote.

Mkazi wa Mbezi

Shikamoo mama, nami nawashukuru wote. Nitapumzika hadi kidonda kifunge, kisha nitaanza na kilomita mbili ufukoni siku maji yatakapokupwa alfajiri. Uwanjani kuna mifugo inayolishwa jioni, jambo ambalo sikuwahi kulipa uzito. Nitaongea na wenyewe.