Mzinga huu ni wa Königsberg kweli? Picha tatu za vita vya 1914–18

Mchanga wa Pwani

Salaam wakuu. Kuna muuzaji wa vitu vya kale ananitaka ninunue albamu ndogo ya picha za Vita vya Kwanza vya Dunia huku Afrika Mashariki. Kurasa nyingi ni mambo ya kambini: mahema, farasi kibao, jamaa kashika samaki na kujisifia. Picha tatu tu ndizo zinazopandisha bei, na muuzaji kila sentensi anaingiza neno "adimu".

Ya kwanza ni mzinga wenye mtutu mrefu, uko juu ya magurudumu mapana. Umefungwa kamba ndefu na msururu wa watu wanauburuta kwenye njia ya mchanga, migongo imepinda. Mzungu mmoja kasimama pembeni, mkono kiunoni, hashiki hata kamba. Chini pameandikwa kwa penseli "Königsberg 1916", jina la ile manowari ya Wajerumani.

Ya pili ni manowari iliyolalia ubavu majini, dohani tatu, nyuma yake miti imebanana kama ukuta.

Ya tatu ni zepelini, yaani puto kubwa la Wajerumani lenye injini, liko angani. Nyuma pameandikwa "L59 juu ya Dar es Salaam, 1917".

Mizinga naijua kwa kuisoma tu, sijawahi kuifanyia kazi. Mtu anaweza kunisaidia kujua kipi ni kipi kabla sijatoa hela? Hiyo ya penseli inanipa mashaka, maana imekaa kirahisi mno. Kila mzinga wa vita ile ukiuliza unaambiwa ni wa Königsberg.

Kigoma Mwisho wa Reli

Mkuu, ya tatu itupe kabisa. L59 haikuiona Dar hata kwa mbali. Iliondoka Jamboli, Bulgaria, Novemba 1917 ikimpelekea Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, dawa na risasi, ikafika Sudan magharibi ya Khartoum, ikageuza na kurudi ilikotoka. Ilikaa hewani kama saa 95 bila kutua. Halafu Dar yenyewe ilikuwa mikononi mwa Waingereza tangu Septemba 1916, sasa hiyo shehena ingeshushiwa nani?

Ngoja Fundi Lensi aamke, mizinga ndiyo chakula chake.

Fundi Lensi

Nimeamka. Zepelini imeshazikwa, sina la kuongeza isipokuwa swali moja: hayo maandishi ya nyuma ni ya wino wa zamani au ya biki? Kama ni biki, aliyeandika hakuwa mtu wa wakati ule.

Sasa tuje kwenye mzinga, na hapa nitakaa kidogo.

Königsberg ilikuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji, na Julai 1915 Waingereza wakaleta huko meli mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya nchi ya Brazil, kwa matumizi ya mitoni. Zilihitajika hizo kwa sababu manowari kubwa zisingepita kwenye vile vijito vya delta. Tarehe 6 zilishindwa. Tarehe 11 zikarudi na ndege ya kuelekeza mizinga, na ndege hiyo ilipopigwa, Cull na Arnold waliokuwa ndani waliendelea kutuma masahihisho huku wanashuka. Nahodha Looff alipoona meli yake haifai tena, akaamuru ilipuliwe.

Meli ikafa, mizinga haikufa. Yote kumi yenye kipenyo cha milimita 105 iliopolewa na kupelekwa Dar es Salaam, mafundi wakaiundia magurudumu, ikasambazwa kwenye medani mbalimbali. Ndiyo maana kila mwenye picha ya mtutu mrefu juu ya magurudumu anaandika Königsberg na kulala usingizi.

Wanaisahau Pegasus. Hiyo ni manowari ya Waingereza ambayo Königsberg iliizamisha huko Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikiwa bandarini inatengenezwa. Waingereza nao wakaopoa mizinga yake, wakaiwekea magurudumu, wakaja kupigania nayo bara. Yaani meli mbili zilizopigana baharini, mizinga ya zote mbili ikaishia kuburutwa porini kwa kamba, kila mmoja upande wake. Na vipimo ndivyo vinavyochanganya: wa Mjerumani ni milimita 105, wa Mwingereza 102, na mitutu ya zote mbili ina urefu wa takriban mita nne. Kwenye picha ya mkononi huwezi kuitofautisha kwa mtutu. Anayekuambia anaweza, mpite.

Tazama nyuma, pale pa kuingizia risasi. Mjerumani alifunga mzinga wake kwa bonge la chuma linaloteleza kwa pembeni, kwa hiyo kwa nyuma unaona kitu cha pembe nne, kama sanduku. Mwingereza wa Pegasus alitumia kizibo cha mviringo chenye meno ya skrubu. Kinazungushwa, kisha kinafunguka kwa bawaba kama mlango. Pembe nne au duara, hilo tu ndilo swali lako.

Kuna mizinga ya tatu ambayo watu huiingiza humo humo: ile iliyoletwa na meli ya Wajerumani, Marie, mpaka Sudi, pwani ya kusini, mwaka 1916. Nayo ina kipenyo cha milimita 105 lakini mtutu wake ni mfupi, haufiki hata mita mbili. Umesema mrefu, basi tunaiondoa.

Manowari naikubali nusu kuwa ni Königsberg. Dohani tatu ni sawa, Pegasus ilikuwa nazo mbili, na hiyo miti iliyobanana itakuwa mikoko ya Rufiji. Lakini mabaki ya Königsberg yalikaa pale miaka mingi baada ya vita, yakipigwa picha na kila aliyepita. Meli inaweza kuwa yenyewe na picha isiwe ya vita. Angalia sitaha: kama mizinga bado imo, picha ni ya muda mfupi tu baada ya tarehe 11 Julai 1915, na hapo muuzaji ana haki ya kuringa. Kama haimo, inaweza kuwa ya mwaka wowote.

Na neno "adimu" lisikutishe. Walther Dobbertin alikuwa na studio Dar tangu 1906, akalifuata jeshi la Wajerumani na kamera yake. Picha zake ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, na mwaka 2008 hifadhi hiyo iliruhusu makumi ya maelfu ya picha ilizonazo, za wapigapicha mbalimbali, ziwekwe bure kwenye mtandao wa Wikimedia Commons. Pitia huko kwanza. Wengi wanalipia nakala ya kitu ambacho wangekipata kwa bando tu.

Tupe vipimo vya picha zenyewe, usitupe vya skani.

Mchanga wa Pwani

Asante sana Fundi. Nimerudi kwa muuzaji na rula, kanitazama kama nimekuja kupima nguo.

Ya mzinga ni ndogo mno, sentimita 4 kwa 6 na ushee. Nimetumia lenzi ya kukuzia: nyuma ya mzinga hapaonekani vizuri kwa sababu ya vumbi, lakini ni mviringo, na kulia kwake kuna kitu kama mkono wa kushikia. Pembe nne sikuona popote.

Manowari ni kadi ya posta, nyuma ina mistari iliyochapwa ya kuandikia anwani. Haijaandikwa kitu. Sitaha imeinamia upande wa pili, mizinga siioni kabisa.

Zepelini ni biki.

Fundi Lensi

Biki, haya.

Sentimita 4 kwa 6 na nusu ni saizi ya filamu ya Vest Pocket Kodak, kamera ya mfukoni iliyoanza kuuzwa 1912. Askari wengi wa upande wa Waingereza walikuwa nayo, na picha ilisafishwa kwa saizi ile ile ya filamu, bila kukuzwa. Dobbertin hakufanya kazi namna hiyo. Ongeza wale farasi wako. Waliokuja na farasi wengi mwaka 1916 ni jeshi la Jenerali Smuts kutoka Afrika Kusini, upande wa Waingereza, na mbung'o wakawamaliza. Kwa hiyo albamu ni ya mtu wa upande huo, na mzinga wenye duara nyuma mbele ya kamera yake, mimi naandika Pegasus.

Atakuja mtu kusema Waingereza waliteka mizinga ya Königsberg na kuipiga picha. Ni kweli, waliiteka na kuipiga sana. Ila mzinga ukitekwa haubadiliki nyuma.

Mwenye kubisha aende Mombasa. Nje ya Fort Jesus upo wa Königsberg na upo wa Pegasus, azunguke nyuma ya kila mmoja na simu yake.

Kadi ya manowari ni bidhaa ya dukani, zilichapwa nyingi. Nzuri kuwa nayo, bei ya adimu hapana. Ninayoipenda mimi ni hiyo ndogo ya vumbi. Vitabu vinakupa kipenyo cha mtutu mpaka milimita ya mwisho, halafu vinasema mzinga "ulihamishwa". Hapo kwenye picha yako ndipo unapowaona waliouhamisha.

Kigoma Mwisho wa Reli

Msisahau mzinga mmoja wa Königsberg ulikuja kwetu Ziwa Tanganyika, ukafungwa kwenye meli ya Wajerumani Graf von Götzen, ambayo leo ndiyo Liemba. Baadaye ukaondolewa, pale pakawekwa mzinga wa bandia wa mbao ili adui aendelee kuogopa. Ukikuta picha ya Götzen ina mzinga, kabla ya kuuliza ni wa nani, uliza kama ni wa chuma.

Mchanga, kwenye albamu hakuna kurasa za ziwani? Picha za vile vimeli vya Waingereza vilivyoitwa "Mimi" na "Toutou" nakulipia mwenyewe.

Mchanga wa Pwani

Hakuna ziwa, mkuu, ni mahema na yule jamaa wa samaki.

Nimemwambia muuzaji nataka hiyo ndogo peke yake. Anasema albamu haivunjwi, na kwamba zepelini ndiyo inayobeba bei. Nimemwachia namba yangu.